Nimelia juu ya riwaya, nimenyamaza mbele ya Biblia: jibu kwa mama wa Katuba

Swali: "Naishi Katuba, hapa Lubumbashi. Nimeimba katika korali miaka 18. Mume wangu alifariki ghafla miezi 14 iliyopita, akaniacha na watoto watatu. Tangu kilio kiishe siwezi kusali. Nikifungua Biblia, maneno yananipita kama mchanga mkononi. Mwezi uliopita binamu yangu aliniazima roman, yaani riwaya, ya Kikristo ya Kifaransa, habari za mjane. Nililia usiku kucha, na asubuhi nikajikuta nimesema 'Mungu wangu', mara ya kwanza tangu mazishi. Kiongozi wa kikundi chetu cha maombi anasema roman ni uongo, nifunge siku saba. Je, nilichopata ni imani au ni machozi tu? Nikiendelea, nisome nini na kwa namna gani? Kifaransa changu ni cha shule, nasoma polepole. Na mtoto wangu wa miaka 12 naye anataka kusoma."

Jibu: Mama, pole sana. Miezi 14 si mingi kama watu wanavyofikiri. Waliolala chini pamoja nawe kwenye kilio wamerudi kwenye shughuli zao, na ni wakati huo mjane anapoanza kubaki peke yake kwelikweli. Sala yako imekauka katika majira ambayo kila mtu anadhani umeshapona. Usijihukumu kwa hilo.

Nianze na neno la kiongozi wenu, kwa kuwa ukilibeba moyoni hutasoma kwa amani. Uongo ni kumwambia mtu jambo lisilotokea ili aamini kwamba limetokea. Hadithi ya kubuni haimfanyii mtu hivyo. Mwandishi na msomaji wanajua tangu ukurasa wa kwanza kwamba watu hao wametungwa. Hapa Lubumbashi watu wamecheka na kujirekebisha miaka mingi mbele ya michezo ya mwigizaji Mufwankolo na kundi lake, na hakuna aliyesimama kumwita mwongo. Katika 2 Samweli 12, nabii Nathani alipotumwa kwa Daudi hakuanza na hotuba. Alimsimulia habari za tajiri aliyemnyang'anya maskini mwana-kondoo wake mmoja. Daudi aliyekuwa amejifungia moyo wake akawaka hasira, na hapo ndipo aliposikia, "Wewe ndiwe mtu huyo." Kondoo yule hakuwapo kamwe. Hasira ya Daudi ilikuwapo, na toba iliyofuata ilikuwapo.

Nawe hivyo hivyo. Mjane wa kwenye kitabu hayupo, lakini machozi yako yalikuwa ya nani? Kwa miezi 14 kila neno ulilopewa lilikuja na amri ndani yake: jipe moyo, usilie, simama imara kwa ajili ya watoto, Mungu ana mpango wake. Mtu anayeambiwa hivyo kila siku hujifunza kujikinga, na kinga hiyo hiyo huzuia pia mahubiri na Biblia, kwa sababu vyote vinamjia kwa mlango mmoja. Hadithi hainyoshei mtu kidole. Ulikuwa unamlilia mama mwingine, na chini ya kilio hicho kilio chako kikapata pa kutokea. Matumizi ya vitabu kwa namna hii yana jina lake tangu zamani: mwaka 1916 Samuel Crothers, mchungaji wa Marekani, alitunga neno ambalo kwa Kiswahili tunaweza kuliita tiba ya vitabu.

Sasa, ni imani au ni machozi? Machozi peke yake si imani. Mtu anaweza kulilia filamu jioni na kesho akawa yule yule. Lakini angalia ulichosema asubuhi ile. "Mungu wangu" ndiyo maneno yanayofungua Zaburi ya 22: "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?" Ndiyo sala ambayo Yesu mwenyewe aliisali msalabani. Ulisali, mama. Ulisali nusu ya mstari, na nusu iliyobaki bado umeishikilia kifuani kwa sababu umefundishwa kwamba mtu wa korali hasemi "mbona umeniacha". Kazi ya vitabu nitakavyokutajia ni kukusaidia kuimalizia nusu hiyo. Havitachukua nafasi ya Neno. Vitakurudisha kwenye kurasa za Neno ambazo hukuwahi kuzihitaji ulipokuwa na furaha.

Kuhusu kufunga siku saba, nakusihi usubiri. Katika 1 Wafalme 19 Eliya alilala chini ya mretemu akiomba afe. Malaika hakumwagiza kufunga. Alimwekea mkate na maji, akamwacha alale tena, kisha akamlisha mara ya pili, na safari ya siku arobaini ikaja baada ya hapo. Mtu asiyelala vizuri na asiyekula vizuri hana akiba ya kufungia, na ukiwa na kisukari au ugonjwa wa tumbo ni hatari kabisa. Mwambie kiongozi wako kwa heshima kwamba umesikia, na kwamba kwanza unataka kusoma naye Eliya na Nathani. Mwendee akiwa peke yake, usimjibu mbele ya kikundi.

Katika kuchagua kitabu ndipo wengi wanapoumia, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Kuna aina tatu za vitabu ambazo kwa sasa ningeziacha. Ya kwanza ni roman ambamo imani inalipwa kama mshahara: mjane anasali, ukurasa wa 200 anapata mume mpya mwenye nyumba ya ghorofa, na mwana mlevi anaokoka siku ya harusi. Mwandishi anaweza kuwa na nia njema, lakini msomaji aliye katika hali yako atafunga kitabu akiwa na swali baya: mbona mimi sikulipwa? Kuna njia rahisi ya kuitambua dukani. Fungua kurasa kumi za mwisho kabla ya kununua. Kama kila aliyepoteza kitu amerudishiwa kitu kile kile, kirudishe rafuni.

Ya pili ni vijitabu vinavyojiita ushuhuda lakini vina mambo ambayo hakuna anayeweza kuyathibitisha: safari za chini ya maji, watoto wanaokula watu usiku, mikataba na mashetani yenye namba na saa. Hivi ndivyo vinavyostahili lile neno la kiongozi wenu, kwa sababu vinabuni na kuapa kwamba havikubuni. Madhara yake tunayaona: watoto hushutumiwa uchawi na kufukuzwa nyumbani, na wajane huulizwa nani "alimla" mume wao. Kama umewahi kusikia maneno ya namna hiyo kwenye kilio chako, kijitabu cha aina hii kitalitia kidonda chumvi. Usikiingize nyumbani.

Ya tatu ni vitabu vizuri vilivyokuja mapema mno. Valentin-Yves Mudimbe, mzaliwa wa Likasi, alitoa Entre les eaux mwaka 1973. Ni habari za padre Pierre Landu anayeacha kanisa lake na kuwaendea wapiganaji wa msituni. Kwa mtu wa Katanga anayetaka kuona shaka ya mwamini ikielezwa bila kupakwa rangi, ni kitabu kikubwa. Lakini Kifaransa chake ni kigumu na hewa yake ni nzito. Kiache hadi mwakani.

Anza na hadithi fupi. Ninayokupa kwanza ni ya Martin fundi viatu. Mchungaji wa Kibatisti wa Ufaransa, Ruben Saillens, aliiandika kwa jina la Le Père Martin, na Leo Tolstoy akaisimulia upya kwa Kirusi mwaka 1885. Toleo la Tolstoy, Là où est l'amour, là est Dieu, husomeka kwa muda wa saa moja hivi hata kwa Kifaransa cha polepole. Martin amefiwa na mke. Kisha mwanawe, aliyekuwa amebaki peke yake, anapata homa wiki moja na kufa. Martin anamlaumu Mungu, anaomba afe naye, anaacha kwenda kanisani. Hayo yote yamo katika kurasa za mwanzo, yameandikwa wazi. Mgeni mzee anampa ushauri wa kusoma Injili. Martin ananunua Agano Jipya la herufi kubwa akikusudia kulisoma sikukuu tu, kisha analisoma kila jioni mpaka mafuta ya taa yanakwisha. Nakuonya jambo moja: maneno ya mzee yule ni makali kidogo, anamwambia Martin kwamba anakata tamaa kwa sababu alitaka kuishi kwa furaha yake mwenyewe. Mara ya kwanza, ukiona yanakuchoma, yaruke. Utayarudia. Angalia zaidi yale yanayofuata: Martin anamngoja Kristo dirishani, na wanaokuja ni mzee aliyechoka kufagia theluji, mama mwenye mtoto asiye na nguo ya baridi, na bibi muuza matofaa anayegombana na kijana mwizi. Chai, supu, koti kuukuu. Hakuna aliyerudishiwa mtoto wake, na hata hivyo jioni Martin si yule wa asubuhi.

Wiki hiyo hiyo soma kitabu cha Ruthu, sura nne tu, na ukisome kama hadithi: kwa mfululizo, bila kutafuta mstari wa kukariri. Naomi alitoka kwao kwa sababu ya njaa, akafiwa na mume na wana wawili ugenini, na aliporudi Bethlehemu aliwaambia wanawake wamwite Mara, kwa kuwa Mwenyezi amemtenda mambo machungu sana. Kumbuka kwamba hakuna mtu katika kitabu kile anayemkemea kwa kusema hivyo. Wala Mungu hamkemei.

Wiki ya pili na ya tatu, chukua Les Misérables ya Victor Hugo ya mwaka 1862. Usiogope unene wake. Ina sura 365, lakini wewe unahitaji 13 tu: sehemu ya kwanza iitwayo Fantine, kitabu cha pili chenye kichwa La Chute. Ndani yake yumo Jean Valjean, aliyetoka gerezani baada ya miaka 19, kila nyumba ya wageni ikimfungia mlango, mpaka askofu anampa kitanda na kumwita "monsieur". Usiku anaiba vyombo vya fedha vya askofu. Askari wanamrudisha, na askofu anamwambia alisahau vinara, avichukue navyo. Wahubiri wengi huishia hapo. Hugo haishii hapo, na ndiyo sababu nakipenda kwa ajili yako. Katika sura ya 13 Valjean, akiwa na vinara vya neema ndani ya mfuko wake, anakanyaga sarafu ya mtoto maskini na kumfukuza. Kisha anapofahamu alichofanya, analia, kwa mara ya kwanza katika miaka 19. Neema ilikuwa imeshafika. Moyo ulikuwa bado njiani. Sura ya 7 inaitwa Le dedans du désespoir, yaani ndani ya kukata tamaa, isome mchana. Sura ya 8 ni fupi lakini ndiyo yenye Kifaransa kigumu kuliko zote, habari ya mtu aliyeanguka baharini. Ukiiruka hupotezi uzi wa hadithi.

Wiki ya nne, kama unakipata, soma kile kilichoandikwa na John Bunyan na kutolewa mwaka 1678, ambacho kwa Kiswahili kinaitwa Safari ya Msafiri. Bunyan alifungwa Uingereza miaka 12 kwa kuhubiri bila ruhusa, na anajua anachosema kuhusu giza. Tafuta mahali Mkristo na mwenzake Tumaini wanapoiacha njia kwa sababu inawaumiza miguu, wakakamatwa na jitu Kukata-Tamaa na kutupwa katika Ngome ya Mashaka. Wanakaa humo kuanzia Jumatano asubuhi mpaka Jumamosi usiku bila mkate, bila maji, bila nuru. Jitu linawashauri wajiue. Anayemzuia Mkristo ni yule mwenzake, kwa maneno ya kawaida kabisa: tungoje kidogo. Karibu na usiku wa manane wanaanza kusali, na kulipokaribia kupambazuka Mkristo anakumbuka kwamba ana ufunguo kifuani, uitwao Ahadi, ambao alikuwa nao siku zote. Hakuwa ameupoteza. Alikuwa amesahau kwamba anao.

Crime et Châtiment ya Dostoevsky, ya mwaka 1866, iweke baadaye, miezi sita au zaidi. Sonia anamsomea muuaji habari za kufufuliwa kwa Lazaro, Yohana 11, katika sehemu ya nne. Na mwishoni mwa kitabu yule mtu ana Injili chini ya mto wa kulalia na bado hajaifungua. Wewe, ambaye Biblia yako imekaa kimya miezi 14, utamwelewa vizuri kuliko maprofesa.

Kupata vitabu si vigumu kama inavyosemwa. Hugo, Tolstoy, Bunyan na Dostoevsky wote walikufa zamani, kazi zao hazina tena haki ya mwandishi, na nyingi za Kifaransa zinapakuliwa bila malipo kwenye Project Gutenberg au Wikisource. Chukua faili la EPUB au la maandishi matupu, ambalo kwa kawaida halizidi megabaiti 2 au 3. Epuka PDF za picha, ambazo hula mega zako na herufi zake hazikuzwi. Pakua mara moja, kisha zima data. Weka herufi kubwa na mwanga mdogo wa skrini, betri itakaa. Kama macho yanachoka, tovuti ya Litteratureaudio.com ina vitabu hivi vikisomwa kwa sauti, bure. Hesabu takriban megabaiti 29 kwa saa moja ya sauti ya kiwango cha chini na mara mbili yake kwa sauti nzuri zaidi. Unaweza kusikiliza ukiwa unapika bukari. Kwa karatasi, uliza duka la Mediaspaul mjini, na maktaba ya Halle de l'Étoile. Au peleka faili la La Chute kwa mtu wa fotokopi akutolee zile sura 13 peke yake. Utaweza kuandika pembeni, na hilo lina faida kubwa.

Namna ya kusoma. Dakika 20 hadi 25 kwa siku zinatosha, saa ile ile kila siku, na isiwe kitandani kabla ya kulala, maana huzuni iliyoamshwa saa nne usiku haina mtu wa kuizungumza naye. Asubuhi watoto wakishaondoka ni bora. Soma kwa sauti, hata ya chini: Kifaransa cha shule hueleweka zaidi masikioni, na sauti yako yenyewe imenyamaza mno tangu korali. Usikimbilie kamusi kwa kila neno. Neno likitokea mara tatu ndipo ulitafute.

Shika penseli na weka alama tatu tu pembeni: nukta pale ulipotaka kulia, mstari pale ulipokasirika, alama ya kuuliza pale usipomwamini mwandishi. Mwisho wa dakika zako rudi kwenye alama moja, moja tu. Kwanza andika katika kaye (daftari) sentensi moja ambayo mtu wa kwenye hadithi angemwambia Mungu: "Bwana, miaka 19 hakuna aliyeniita monsieur." Kisha andika sentensi yako. Mara nyingi ya kwanza inakuja kwa urahisi na ya pili inakataa. Ikikataa, iache. Siku ya tano au ya kumi itakuja, na ikija utaona kwamba umesali.

Ukishafika kwenye sentensi zako mwenyewe, kuna zoezi jingine lililojaribiwa na mwanasaikolojia wa Marekani James Pennebaker katika miaka ya 1980: kuandika dakika 15 bila kusimama, siku nne mfululizo, kuhusu jambo lililokuumiza kuliko yote, bila kujali sarufi, bila kumwonyesha mtu. Ujue mapema kwamba mara tu baada ya kuandika watu hujisikia vibaya zaidi. Nafuu huja baadaye. Kwa hiyo usifanye hivyo siku ya ukumbusho wa mume wako wala siku ambayo uko peke yako nyumbani. Siku ya nne, badala ya kusoma tena ulichoandika, soma Zaburi ya 88. Ni sala inayoishia gizani, bila mstari wa faraja, na Mungu ameiruhusu ibaki katika kitabu chake hivyo hivyo.

Mambo yanayoharibika ni haya. Mtu husoma ili kukimbia: saa tatu zinapita, makaa yamekwisha kwenye mbabula, mtoto ameita mara mbili, na kitabu kikiisha anahitaji kingine papo hapo kama dawa ya kulevya. Ukijiona hivyo punguza, rudi kwenye dakika 20 na usome kwa sauti. Sauti haimruhusu mtu kukimbia. Wengine hugeuza hadithi kuwa unabii: mjane wa kitabuni aliota mlango mweupe, basi nami ningoje mlango mweupe. Hapana. Hadithi inakuonyesha namna moyo unavyokwenda, haikupi tarehe. Wengine hujipima na mhusika na kujihukumu kwamba imani yao ni ndogo kuliko ya mtu ambaye, kumbuka, hakuwahi kulipa ada ya shule. Na wengine, hawa ni wengi, hulia vizuri sana kila siku na hakuna kinachosogea.

Kwa hao, na kwa swali lako la kwanza, subiri wiki tatu kisha jichunguze. Je, kuna jambo ambalo sasa unaweza kumwambia Mungu na mwezi uliopita hukuweza, hata kama ni lawama? Je, umemwendea mtu mmoja, jirani aliyefiwa, dada mliyekosana, kama Martin alivyofungua mlango wake? Je, kuna ukurasa mmoja wa Biblia, hata mmoja, usiokupita tena kama mchanga? Ukijibu ndiyo mara moja kati ya hizo, endelea, kitu kinaota. Ukijibu hapana kote, bado hujakosea, lakini usiendelee peke yako.

Hapo ndipo kikundi kinapoingia, na si kikundi cha maombi. Watu watano hadi saba, dakika 75, sura moja isomwe kwa sauti na anayejua Kifaransa zaidi aifasiri papo hapo kwa Kiswahili chetu cha Lubumbashi. Sheria iwe moja na isivunjwe: mizunguko miwili ya kwanza watu wamzungumzie mhusika tu. Hakuna kuhubiri, hakuna kumshauri jirani, hakuna kumlazimisha mtu atoe ushuhuda. Mama aliyenyamaza mwaka mzima ataweza kusema kwa nini Valjean aliiba, muda mrefu kabla ya kuweza kusema kwa nini yeye mwenyewe hana usingizi. Mkiruhusu mahubiri dakika ya kumi, mlango unafungwa, na atakayefuata kusema atasema yale yanayotarajiwa. Malizeni na zaburi moja, isomwe na mtu asiye kiongozi wa kanisa.

Unapomrudia kiongozi wako, ongeza Luka 15. Watu humhubiri mwana mpotevu, lakini wewe uliyetumika miaka 18 msikilize kaka yake mkubwa: "hujanipa mimi mwana-mbuzi." Amekasirika na amekataa kuingia. Babaye anatoka nje kumsihi. Na Yesu anaikata hadithi pale pale. Hatuambiwi kama aliingia. Unaruhusiwa kusimama nje ukiwa na hasira na kumsikia Baba akizungumza nawe huko nje.

Jambo moja ambalo kitabu hakitibu. Kama kwa zaidi ya wiki mbili hulali, huli, huwezi kufanya kazi ya nyumbani, au unawaza kufa, usingoje sura inayofuata. Nenda kituo cha afya, au moja kwa moja kituo cha magonjwa ya akili cha Joseph Guislain kinachoendeshwa na Mabradha wa Upendo hapa Lubumbashi. Ukiwaza kujidhuru, mwambie mtu leo hii, usilale na siri hiyo. Kumeza dawa si kukosa imani. Mkate wa Eliya ulikuwa mkate wa kutafuna.

Na huyu wa miaka 12, msomee Martin, kwa Kiswahili, ukifasiri mwenyewe. Msomee jioni mbili, usimalize siku moja. Atauliza kwa nini Martin alimkasirikia Mungu. Usimjibu haraka na usimsahihishe. Muulize yeye anafikiri nini. Inawezekana atakuambia habari za baba yake, na kwamba naye amekuwa akikasirika muda wote huu na aliogopa kukuumiza. Weka kitabu chini jioni hiyo. Sura iliyobaki itasomwa kesho.